Mnunuzi kaleta orodha ya matengenezo 23, nitengeneze yote au nimkatalie?

SWALI: Shikamoo fundi. Tunauza nyumba yetu, bei tulishakubaliana na mnunuzi na mkataba wa awali tumesaini, amebakiza mkopo wake benki ukamilike. Juzi kaleta mkaguzi, jana kanitumia orodha ya vitu 23 anataka tutengeneze vyote ndo amalizie. Kuna unyevu kwenye ukuta wa chumba cha nyuma, waya za umeme anasema zote zibadilishwe, ufa juu ya mlango, kuna maji yanavuja mahali hapajulikani, mpaka mlango wa kabati la jikoni umelegea nao kauandika. Mume wangu kakasirika, anasema aende zake. Dalali anasema tutengeneze vyote biashara isife. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba dada yangu. Kwa leo usimsikilize hata mmoja. Mumeo anaongea kwa uchungu, nyumba aliyoihangaikia mtu kaja kuitoa kasoro 23 kwa asubuhi moja, nani asingekasirika. Dalali naye analipwa siku mkiuziana, kwahiyo kwake kila kitu ni "tengenezeni tu", hela inatoka mfukoni kwako si kwake. Wote nawaelewa ila wote wanajibu orodha, na orodha si ya kujibiwa hivohivo ilivyo.

Nikwambie kitu kuhusu sisi wakaguzi. Nimeandika ripoti kama hizo miaka mingi kabla sijahamia kushauri wanaouza, na mkaguzi anaandika kila kitu, kabisa, maana akiacha koki inayodondosha halafu mwezi ujao ikapasuka mnunuzi anamrudia yeye. Kwahiyo bawaba iliyolegea inakaa mstari mmoja na waya unaoweza kuunguza nyumba, na ukubwa wa herufi ni uleule. Sasa mnunuzi anaisoma usiku, ana mkopo wa miaka kibao unamsubiri, akifika kitu cha 9 tayari jasho linamtoka, akifika 23 anaona anauziwa gofu. Mtu aliyeogopa hachagui, anaikopi yote anakutumia.

Ndo maana hatua ya kwanza haikugharimu hata senti. Mpigie, au dalali ampigie ila wewe uwepo, muulize kwa upole kabisa: kati ya hivi 23, ni vipi viwili vitatu ambavyo visipotatuliwa hulali usingizi? Halafu nyamaza. Usianze kujitetea, usimwambie mbona sisi tumekaa humo hatujawahi kupata shida. Mara nyingi atataja unyevu na umeme, mlango wa kabati hata hataukumbuka. Na hapo hapo muulize kama benki yenyewe imeweka sharti lolote, maana mthamini wa benki akiandika kwamba mkopo hautoki mpaka kitu fulani kirekebishwe, hicho kinakuwa cha kwanza kwenye foleni hata kama mnunuzi mwenyewe hakijali.

Kuhusu kumkatalia aende zake, haki hiyo mnayo kutegemea na mkataba wenu unavyosema, lakini mwambie mumeo hivi: mnunuzi akiondoka, ile ripoti haiondoki naye. Mmeshajua kuna unyevu. Sehemu nyingi duniani muuzaji anayejua kasoro kubwa iliyofichika halafu akanyamaza, au akaulizwa akadanganya, anaweza kushtakiwa hata baada ya funguo kukabidhiwa, na hata ule mstari wa "nyumba inauzwa kama ilivyo" haumkingi mtu aliyeficha kwa makusudi. Kwahiyo mnunuzi wa pili atakuja, ataleta mkaguzi wake, ataona ukuta uleule, na kipindi hicho nyumba imekaa sokoni muda mrefu zaidi na watu wanajiuliza ina nini. Na tafadhali sana msiende kupaka rangi juu ya ule unyevu. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu wa chumba kimoja, mkaguzi akiingia ndo kitu cha kwanza anakiona, ni kama mtu kaandika pale "angalia hapa".

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe, maana kabla hujaongea hela inabidi ujue ugonjwa ni upi, na hapa ndipo wauzaji wengi wanaliwa. Mnunuzi anaandika dawa badala ya ugonjwa. Anaandika "badilisha waya zote", "rekebisha msingi", "toa paa". Wewe usikubali dawa yake mpaka ujue kinachouma.

Unyevu kwanza. Nenda uangalie lile doa limekaa wapi. Likianzia chini sakafuni likapanda, labda kufika kiunoni au kifuani, na kuna ungaunga mweupe wa chumvi kwenye plasta, maji yanatoka ardhini. Likianzia juu darini likashuka, ni paa au gata, ule mfereji wa maji ya mvua pembeni ya paa. Likiwa katikati ya ukuta na nyuma yake kuna bafu, ni bomba au viungio vya vigae. Halafu toka nje usimame nyuma ya ukuta huohuo, ikiwezekana mvua inanyesha, chukua mwavuli usione uvivu. Nimeenda nyumba nyingi mtu ameshaambiwa msingi umeharibika na ameshapewa kotesheni, yaani makadirio ya gharama, ya kutisha, kumbe gata limeziba majani maji yanamwagika palepale ukutani, au udongo wa bustani umepanda juu kuliko sakafu ya ndani. Ardhi inatakiwa iteremke kutoka kwenye nyumba, kipimo kinachotumika sana ni sentimita 15 hivi ndani ya mita 3 za mwanzo. Koleo, toroli na siku mbili za kibarua zinaweza kufuta sentensi iliyokuwa inamnyima mtu usingizi.

Umeme sasa. Hapa sikushauri uguse kitu mwenyewe, tafuta fundi umeme mwenye leseni aje na vipimo atoe ripoti ya maandishi. Ila nikuonyeshe tofauti ya dawa na ugonjwa. Nyumba moja niliikuta imeandikwa "waya zote hazifai". Fundi alipofungua ile bodi ya breka, zile swichi zinazokata umeme ukizidi, tukakuta waya wa taa, wa milimita za mraba 1.5, umefungwa kwenye breka ya ampea 32. Hiyo ni hatari kweli, maana waya utapata moto ukutani kabla breka haijakata, ila waya wenyewe alipoupima ulikuwa mzima, kilichotakiwa ni breka ndogo inayoendana nao. Pembeni kulikuwa na nyaya mbili zimebanwa kwenye skrubu moja, na hakukuwa na kile kifaa kinachokata umeme ukianza kuvujia kwenye mwili wa mtu, kile cha miliampea 30. Kazi ilianza asubuhi mchana ikaisha. Kubomoa kuta ili kubadilisha waya zote ingekuwa wiki kadhaa na vumbi mpaka kwenye meno. Lakini pia usiende na jibu mfukoni, kuna nyumba za zamani ambazo insulesheni, yaani ganda la waya, imekauka inamomonyoka ukiigusa, na hapo mnunuzi yuko sahihi.

Ufa juu ya mlango, chukua kadi ya benki. Unene wake ni milimita 0.76, karibu sawa dunia nzima. Ukijaribu kuiingiza kwenye ufa ikagoma, huo ni ufa wa unywele, plasta na mbao za fremu zinapanuka na kusinyaa, nyumba nyingi zinao na juu ya mlango ndo mahali pake. Ikiingia yenyewe bila kusukumwa anza kuwa makini, na ukishafika milimita 5 au unapanda kwa ngazingazi kufuata viungio vya matofali, au mlango umeanza kukwama, hapo unahitaji mhandisi wa majengo aandike, si fundi rangi wala mimi. Barua ya mhandisi inayosema ufa huu ni wa kawaida ina nguvu kuliko maneno yako yote, kwasababu mnunuzi anajua wewe unataka kuuza.

Na maji yasiyojulikana yanavujia wapi, hiyo fanya leo jioni. Funga koki zote, hakikisha hakuna choo kinachojaza, mashine ya kufulia imezimwa, nenda kwenye mita uangalie kile kigurudumu kidogo kinachozunguka maji yakipita, hata piga picha ya namba. Kaa saa moja urudi. Namba zikiwa zimesogea, funga valvu kuu ya kuingilia ndani uangalie tena: kigurudumu kikisimama tatizo liko ndani ya nyumba, kikiendelea ni kati ya mita na nyumba. Kama ni ndani, kabla hujaita mtu wa kuchimbua, tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo usiflashi nusu saa. Rangi ikitokea kwenye bakuli, tatizo ni raba ya valvu, kitu cha bei ya chini kabisa kwenye duka la vifaa, na mkaguzi kaandika "uvujaji wa mabomba" kwa herufi kubwa.

Nimesahau kitu, kama kwenye hizo 23 kuna paa au dari ya asibesto, msimtume kijana na nyundo. Ikiwa nzima haisumbui sana, balaa linaanza ikivunjwa vumbi likatoka. Hiyo waachie watu wenye vibali.

Haya, umeshajua ugonjwa. Swali kubwa linakuja: utengeneze au utoe hela? Msimamo wangu, na najua mafundi wenzangu watanichukia, ni kwamba ukiweza toa hela uache mnunuzi atengeneze mwenyewe. Nimefika hapo kwa kuumia. Nilipouza nyumba yangu mwenyewe mnunuzi alilalamikia ukuta wa bafu una unyevu, na mimi nikajifanya mjuzi, fundi mzima nitashindwaje, nikakubali kutengeneza, na kwenye karatasi ikaandikwa kwamba kazi itafanyika "kwa kiwango kitakachomridhisha mnunuzi". Sikuiona ile sentensi ilivyo na meno. Bomba nikalibadilisha, plasta ikabanduliwa ikapigwa mpya, nikaweka na feni, zikabaki wiki tatu kabla ya kukabidhiana. Sasa ukuta ulioloa haukauki kwa kuambiwa, kanuni ya mafundi ni karibu mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwahiyo ukuta wa tofali wa milimita 230 piga hesabu mwenyewe. Siku ya kukagua jamaa kaja na kile kipima unyevu cha sindano mbili, kagusa ukuta, kikalia. Nikamweleza bomba limepona, haya ni maji ya zamani yanatoka. Akaniangalia tu. Na kusema kweli kwa macho yake kulikuwa hakuna tofauti kati ya ukuta unaopona na ukuta unaoumwa. Nikamlipa fundi mwingine aliyemchagua yeye abandue plasta yangu mpya, yaani nililipa mara mbili kwa ukuta mmoja, na tarehe ikasogea.

Ndo maana nasema hela. Ukitengeneza wewe, utatafuta fundi wa nafuu kwasababu nyumba si yako tena, na mnunuzi anajua hivyo, kwahiyo kila kasoro ndogo ataiona ni ujanja wako. Ukibandua ukuta unaweza kukuta kingine nyuma yake, na hicho sasa ni chako. Halafu kikiharibika mwezi wa pili atampigia nani? Ukitoa hela, kiasi kinajulikana siku mnasaini na hadithi inaishia hapo. Naye anapata kuchagua fundi wake na vigae vya rangi anayoipenda.

Hela yenyewe zipo njia mbili na watu wanazichanganya. Kuna kupunguza bei, na kuna kumpa unafuu siku ya kumalizia malipo, yaani bei inabaki vilevile ila kiasi fulani kinakatwa kwenye anachotakiwa kuleta siku hiyo. Kwako ni karibu kitu kilekile. Kwake sivyo, maana ananunua kwa mkopo: ukimpunguzia bei kwa asilimia 2, rejesho lake la mwezi linashuka kidogo sana na bado hana pesa taslimu ya kumlipa fundi, wakati ukimpa unafuu ule anabaki na hela mkononi. Kwahiyo kwa anayekopa unafuu mdogo unaweza kumfurahisha kuliko punguzo kubwa. Ila lazima benki ijue na iandikwe, benki nyingi zina kikomo cha kiasi wanachoruhusu na nyingine hazikubali kabisa. Msije mkapeana chini ya meza, mnaipa benki bei isiyo ya kweli na hiyo ni kesi.

Kiasi gani? Usikubali kotesheni yake peke yake, aliyeogopa huwa anamwita fundi ghali kuliko wote. Tafuta zako mbili kwa kazi ileile imeandikwa vilevile, na hapo mtakutana mahali. Na kuna mstari mmoja mimi huwa sivuki: kitu ambacho alikiona kwa macho siku anakuja kuangalia nyumba, bei aliyoitaja ilishakihesabu. Kama paa ni la zamani na alisimama nje akaliona, uzee wake sikulipii. Kilichofichika, ambacho wala wewe pengine hukukijua, hicho ndo cha kuongea.

Kuna vitu lakini lazima utengeneze wewe na ukabidhi risiti. Sharti la benki, hilo halina mjadala. Kitu cha hatari ya leo kwa leo, kama ile breka au gesi inayovuja, hapo wala usisubiri mnunuzi, nyie si bado mnalala humo? Na uvujaji wa maji unaoendelea, kwasababu kila siku ukiuacha gharama inakua na bado ni nyumba yako. Kwa hivyo vya kutengeneza andikeni kazi yenyewe, si matokeo wala kuridhika kwa mtu: fundi umeme mwenye leseni atabadilisha breka fulani, ataweka kifaa fulani, atatoa cheti. Kwisha. Kazi kubwa za kumfurahisha yeye tu usianze kabla mkopo wake haujapitishwa, usije ukamtengenezea mtu ambaye benki imemkataa. Na kwa ule ukuta wenye unyevu, kama hamkubaliani kabisa, kuna njia ya katikati: kiasi mlichokubaliana kinashikwa na wakili mpaka ukuta upimwe baada ya miezi mliyopanga, ukikauka hela inarudi kwako, usipokauka inamlipa fundi.

Jibu lako liwe fupi na liwe la maandishi, kupitia wakili au dalali kama mkataba ulivyopanga, na angalia tarehe, mikataba mingi ina siku za kujibu na zikipita umepoteza nafasi. Mimi ningeandika hivi: "Asante kwa ripoti, tumeisoma yote. Umeme utashughulikiwa na fundi mwenye leseni na cheti utapewa kabla ya tarehe fulani. Uvujaji wa maji tumeutafuta, umerekebishwa, risiti hii hapa. Kwa unyevu wa chumba cha nyuma tunatoa unafuu wa kiasi fulani siku ya kumalizia malipo. Ufa umeangaliwa na mhandisi, barua yake imeambatanishwa. Vingine ni vya uchakavu wa kawaida na vinabaki kama vilivyo." Basi. Usijibu namba 1 mpaka 23 kila moja na sababu yake, ukifanya hivyo unamkaribisha abishane mara 23. Akikubali, wakili aandike nyongeza ya mkataba, na ndani yake awepo mstari unaosema mnunuzi ameipokea nyumba kwa hali iliyo kwenye ripoti ile na hatarudi tena kudai kwa vitu vilevile, vinginevyo siku mbili kabla ya kukabidhiana utashangaa orodha ya pili.

Akigoma na kung'ang'ania vyote 23 baada ya hapo, sawa, pigeni hesabu kwa kichwa kilichotulia: kiasi anachodai kikoje ukilinganisha na kuirudisha nyumba sokoni, miezi mingine ya kulipia bili na ulinzi, na mnunuzi mpya ambaye mtalazimika kumwonyesha kasoro zilezile. Wakati mwingine hesabu inasema mwacheni aende, na mumeo atakuwa sahihi ila kwa sababu nyingine kabisa.

Mlango wa kabati usiuweke kwenye barua. Chukua bisibisi jioni hii uikaze ile bawaba, ni skrubu mbili, na kama tundu limelegea chomeka kijiti cha meno chenye gundi ya mbao kabla hujairudisha skrubu.